Sara Mlangoni pa Hema

Somo: Mwanzo 18:9–15, Ruthu 1



Habari ya Sara tumezoea kuipita mbio. Wageni watatu wanafika Mamre jua la mchana likiwaka, Ibrahimu anakimbilia ndama na kuagiza mikate, ahadi ya mtoto inatolewa, Sara anacheka, na mhubiri keshafika kwa Isaka. Wiki hii nawaomba tutulie kwenye mstari wa 11. Mwandishi wa Mwanzo anaeleza pale, bila kuzungukazunguka, kwamba Sara alikuwa amekoma hedhi. Kwa karne nyingi mstari huo umesomwa kwa sauti mbele ya wazee, vijana na watoto. Unaofuata ni mzito zaidi: Sara anajiuliza moyoni kama mtu wa umri wake, na mumewe mzee vile, ataonja raha tena. Wazo lake la kwanza ni la yeye na mumewe. Habari ya kuzaa inatajwa katika mstari wa 13. Bwana alilisikia wazo lile, na alichouliza ni kwa nini amecheka. Kwa kuwaza raha hakumlaumu.

Sisi tunaojiita watu wa Neno tumeshindwa kutamka lile ambalo Neno limelitamka. Jumapili tunawaombea wajawazito, watahiniwa wa KCSE, wanaotafuta kazi na walio safarini. Kila mtoto anayeletwa mbele kubarikiwa tunampigia makofi na vigelegele. Mama anayemaliza miaka ya kuzaa, mwili wake ukimgeuka usiku na mchana, hatuna sala yake. Na kwa sababu hatujampa maneno ya kweli, anaokota ya kubahatisha.

Akina mama wanaokuja kuzungumza nami huanza hivi: "Mchungaji, nimepoa." Wanamaanisha kiroho. Anayesema ni mama wa miaka 47 au 51, ameongoza wenzake kwa muda mrefu, amelea watoto wake na wa marehemu dada yake. Sasa kwenye kesha anasinzia kabla ya saa sita. Mistari aliyoikariri tangu shule ya Jumapili inamponyoka akiwa amesimama mbele za watu. Anawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, kisha anajifungia chooni kulia. Mumewe akimgusa anageukia ukutani. Ameyajumlisha hayo yote na kupata jibu moja: Mungu ameniacha, au mimi nimemwacha. Ninapomuuliza analalaje, hushangaa. Hakuja kuzungumzia usingizi.

Mama huyu halali. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema wiki hii. Mengi tunayoyaita ubaridi wa roho, hasira au kiburi kwa mama wa makamo ni mwili unaohitaji kueleweka na kutunzwa, na kanisa likikaa kimya mama huyo atayabeba kama dhambi.

Basi tuelezane. Mwanamke anapofika miaka ya arobaini, mayai katika ovari zake yanakuwa yamekaribia kwisha, na homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka bila mpango kabla ya kushuka moja kwa moja. Hedhi huvurugika: mara inawahi, mara inaruka miezi miwili, mara inakuja nzito. Miezi 12 ikipita mfululizo bila damu, ndipo husemwa kwamba hedhi imekoma. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ilikuwa na kazi nyingi mwilini kuliko uzazi peke yake. Ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu, ubongo unaamrisha mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike. Mama anawaka kifuani, shingoni na usoni kwa dakika chache, kisha anabaki amelowa na kutetemeka. Moyo unaweza kwenda mbio. Viungo vinauma. Uke unakauka, haja ndogo inambana. Usingizi ukikatika usiku baada ya usiku, kumbukumbu na uvumilivu navyo hukatika.

Wapo wanaopita kipindi hiki bila shida kubwa, na tumshukuru Mungu kwa ajili yao, mradi wasiwapime wenzao kwa kipimo chao. Kwa wengine si jambo la msimu mmoja. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake nchini Marekani kwa miaka mingi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa nusu ya wanawake waliosumbuliwa sana, joto na jasho vilidumu zaidi ya miaka saba. Kwa Wamarekani weusi, muda huo ulipita miaka kumi. Fikiria miaka kumi ya kulala vipande vipande, huku unaamka saa kumi na moja kuwasha jiko.

Nimeliona jambo hili kwa karibu kule Molo, ambako ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba hauna huruma. Ibada ya kwanza, ukungu umelala hadi madirishani, watu wamevaa majaketi na kofia za sufu, watoto wamefungwa mablanketi mgongoni. Katika safu ya pili ya kwaya mama mmoja anafungua kifungo cha juu cha joho, halafu cha pili. Ratiba ya ibada anaitumia kujipepea. Jasho linatoka penye mizizi ya nywele, linapita mbele ya sikio na kuingia kwenye kola. Wimbo haujafika ubeti wa tatu, naye anainama kutafuta chini ya benchi sweta aliyoivua, maana sasa meno yanagongana. Jirani yake anamnong'oneza, "Ni malaria, mama?" Anatikisa kichwa. Baada ya miezi michache alikuwa akiketi benchi la nyuma karibu na mlango, na kwaya akaiaga akisema sauti imeisha.

Swali la jirani halikuwa la kipumbavu. Jasho la usiku ni moja ya dalili ambazo mhudumu wa afya anauliza anapochunguza kifua kikuu. Katika nchi hii, ambako kila mmoja wetu amemzika mtu kwa sababu ya UKIMWI, mama anayeamka shuka zimelowa hawazi homoni. Anawaza yale mabaya, anayaficha, na mumewe akigundua naye anawaza yake. Wengine hununua dawa za malaria dukani mara tatu kwa mwaka bila kupimwa hata mara moja. Nawasihi: nendeni mkapimwe, msikisie. Kifua kikuu kinatibika. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anahitaji kujua kwamba hedhi yake huenda ikakoma mapema kidogo kuliko ya wenzake, na kwamba dalili hizi hazimaanishi dawa zake zimeshindwa. Tezi la shingo nalo linaweza kuleta joto na mapigo ya moyo ya mbio. Na jambo hili nalisema kwa herufi nzito moyoni mwangu: mama aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, asiseme "imerudi". Aende hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu damu hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani, na saratani ikiwahiwa ni tofauti kabisa na iliyochelewa.

Hapa lazima niseme kuhusu maombi. Mimi ni mtu wa maombi na sitaacha. Lakini nimeona mama wa miaka 49 akiwekewa mikono kwa ajili ya pepo wa hasira, Ijumaa moja na nyingine tena, akirudi nyumbani kila mara amechoka kuliko alivyokuja, na sasa akiwa na jambo jipya la kuogopa. Katika Marko 5 yupo mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake kwa waganga na hali ikazidi. Yesu hakutafuta pepo ndani yake. Alimsikiliza akieleza habari yake yote mbele ya umati, akamwita binti, akamruhusu aende kwa amani. Mtumishi anayemwombea mama bila kumuuliza habari yake yote ameruka sehemu ambayo Bwana mwenyewe hakuiruka.

Tena yuko Naomi. Amezika mume na wana wawili katika nchi ya ugeni. Anawaambia wakweze waziwazi kwamba umri wake wa kuzaa umepita. Anarudi Bethlehemu na kuwaambia majirani wamwite Mara, kwa sababu Mwenyezi amemtendea uchungu. Sioni popote katika kitabu hicho mtu akimkemea Naomi kwa maneno hayo. Mkwewe Ruthu alikwisha kuamua kumfuata, na njia yote alitembea kando yake.

Naomi namfikiria sana hapa Nakuru. Mama aliyekuwa na miaka 32 mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, akilala kwenye hema la wakimbizi katika uwanja wa maonyesho na mtoto mchanga kifuani, sasa amefika hamsini. Tulimpongeza kwa ushujaa wake, akajenga tena, akasomesha. Leo joto linapomwamsha saa nane za usiku na nyumba imetulia, haamki peke yake. Huamka na moto ule, kelele zile, majina yale. Asifikiriwe kwamba amerudi nyuma kiimani. Anahitaji usingizi, na anahitaji mtu wa kumweleza mambo hayo mchana.

Wala si kanisa tu linalomsahau. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, ule unaotumiwa kupanga huduma za afya nchini, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Wanaume walihojiwa hadi miaka 54. Mwanamke akitimiza hamsini anatoka kwenye dodoso, kana kwamba tulichotaka kujua kwake kilikuwa uzazi tu. Tangu 2017 sheria inataka wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, na ni jambo jema sana. Msichana anaandaliwa kwa mwanzo wa hedhi. Mama yake haandaliwi na yeyote kwa mwisho wake. Sheria ya Ajira ya 2007 ina likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mama anayefanya kazi ndani ya vibanda vya maua kule Naivasha, chini ya plastiki inayozuia joto lisitoke, hana hata neno la kumwambia msimamizi kwa nini anaomba kutoka nje dakika tano. Akisema anaumwa ataulizwa anaumwa nini. Waumini wenzangu mlio wasimamizi na wenye mashamba, mko wengi, nanyi mnanisoma: maji ya kunywa yaliyo karibu, ruhusa ya kutoka bila kuulizwa mbele za watu, na choo kilicho safi havingoji sheria.

Nitawakumbusha jambo moja la huku kwetu. Bonde letu ni la volkano, na maji ya visima vyetu vingi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kama ukomo. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia ambayo watu wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hutambuliwa nayo popote waendapo. Ikizidi sana kwa miaka mingi, floridi huharibu na mifupa. Ndugu zetu wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru hawakusimama mimbarani kusema meno hayo ni laana ya ukoo. Walipima maji, wakachoma mifupa ya ng'ombe kuwa mkaa, wakatengeneza vichujio vya kuondoa floridi, wakavipeleka majumbani na shuleni. Hiyo ni kazi ya Injili kama kazi nyingine yoyote, na imefanywa na kanisa la mji huuhuu. Kanisa lililojua kushughulikia maji na meno linaweza kushughulikia usiku wa mama.

Na tukiwa kwenye mifupa: estrojeni ikishuka, mifupa ya mwanamke hupungua uzito upesi katika miaka ya mwanzo, ndiyo maana shosho akiteleza kidogo nyonga inavunjika. Sisi tuko kwenye nchi ya maziwa. Mala, mursik, omena, managu na sukuma wiki viwe mezani kwa mama pia, asiwe mtu wa kubakiza ili wengine washibe. Kutembea kwa miguu na kubeba mzigo wa wastani huipa mifupa nguvu. Presha nayo hupenda kupanda kipindi hiki. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini na mitaani tangu 2023 wana mashine ya kuipima; wakaribisheni mlangoni, msiwaambie tu kwamba nyumbani hakuna mtoto mchanga.

Joto lenyewe lina tiba. Kwa wengine hutosha kuvaa nguo nyepesi zinazovulika moja baada ya nyingine, kulala na blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, na kupunguza chai moto na pilipili jioni. Pombe huzidisha. Kwa anayeteseka zaidi, ziko dawa za homoni zinazorudisha estrojeni, na ndizo zinazofanya kazi vizuri kuliko zote. Wengi wameziogopa tangu utafiti mmoja wa Marekani uliposimamishwa mwaka 2002 kwa sababu ya hatari ya saratani ya matiti na magonjwa ya moyo. Baadaye wataalamu waliangalia upya: washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Kwa mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, na ambaye hajapata saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa au ugonjwa wa ini, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye mji wa mimba hupewa homoni ya pili ya kuulinda. Hayo ni ya kuamuliwa na daktari aliyekupima, si ya kununuliwa kwa kuelekezwa na jirani. Na asiyeweza kutumia homoni zipo dawa nyingine; asirudishwe nyumbani kwa maneno ya "ni uzee huo, mama, vumilia".

Sasa kwa akina baba. Wengi mnajua 1 Wakorintho 7, ule mlango kuhusu haki ya unyumba, na najua unavyotumika chumbani. Usomeni mpaka mwisho wa mstari wa 5. Paulo anamdai mume kabla ya kumdai mke, na anataka mapatano. Mke anayeumia wakati wa tendo kwa sababu mwili wake umekauka hajakukataa. Hana mwanamume mwingine. Anaogopa maumivu, na anaogopa zaidi kukwambia. Ukavu huo una mafuta ya kulainisha na una krimu ya estrojeni ya kupaka ambayo daktari anaweza kuiandika. Ni jambo la kutibika kuliko mengi tunayoyaombea. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 7, anawaagiza waume kukaa na wake zao kwa akili, ili maombi yao wenyewe yasizuiwe. Basi mume ana wajibu wa kujua. Dirisha analolifungua mkeo usiku usiliinukie kulifunga; chukua blanketi la pili, ulale.

Kama kuna anayewaza kwamba mwanamke akikoma kuzaa kazi yake imepungua, na amwendee mtaalamu yeyote wa Wahadzabe. Ukilifuata Bonde hili la Ufa kuelekea kusini utafika Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Huko, katika miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wakipima nani analeta chakula gani. Waliona wanawake waliokwisha kukoma hedhi wakichimba mizizi kwenye udongo mgumu kwa saa nyingi kuliko hata wasichana, na mama anapojifungua tena, yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa aliendelea kukua vizuri kwa kadiri ya bidii ya bibi yake. Wataalamu hao walifikia kusema kwamba huenda ndiyo sababu wanawake huishi miaka mingi hivi baada ya kukoma kuzaa: jamii ya wanadamu ilisimama juu ya bibi. Mimi nasema Muumba aliitia miaka hiyo ndani ya mwanamke kwa makusudi. Mama wa miaka hamsini hapa kwetu anaweza kuwa na miaka 25 na zaidi mbele yake. Ni haki yake aiishi akiwa na usingizi, na kicheko, na raha ile aliyoiwaza Sara.

Nami nimo katika umri huo. Kitambaa cha kufutia jasho kimo mfukoni mwa joho langu kila Jumapili, na mkiniona nimenyamaza kidogo katikati ya mahubiri, subirini, nitaendelea.

Jumatano hii baada ya ushirika wa akina mama, muuguzi atakaa nasi kuanzia saa nane mchana. Mwenye dawa anazotumia za presha, sukari au nyingine yoyote azibebe azionyeshe. Wasichana wetu wakubwa waje pia. Ni heri wajue sasa. Akina baba zamu yenu ni Jumamosi saa nne asubuhi, bila wake zenu, ili muulize bila kuona aibu. Na anayetaka jina lake liombewe katika ibada kwa sababu ya hali hii, aniandikie karatasi na kusema kama nilitaje kwa sauti au nilitaje Mungu peke yake akisikia. Nitafanya atakavyo.